Maji ya Mama Mkwe

Jumapili, 2 Machi
Tumehamia. Jiko kubwa, vyumba vya kutosha, na uani bwawa la kuogelea – letu! Bado nalizunguka kama mwizi. Mume wangu karuka ndani hata mizigo haijafunguliwa, kaogelea huku na huku kama bata. Mimi nikasingizia kazi jikoni. Sijui kuogelea. Miaka yote ya ndoa hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Bwawa lenyewe si la starehe. Ni la mama yake. Tangu ule ugonjwa uliomlaza muda mrefu, magoti yamemgomea. Daktari wa viungo kasema atembee ndani ya maji kila siku, ndipo aweze kurudi kuishi kwake, peke yake, anavyotaka. La sivyo atabaki nasi chumba cha uani. Anakuja Jumanne. Roho juu! Mama huyu hajawahi kunisifia hata chai.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe kafika. Kashuka garini mwenyewe kwa fremu yake ya kutembelea, mtu asimguse. Kalitazama bwawa, uso mkavu, akauliza kama hilo ndilo atakaloingia. Kisha akasema apumzike kwanza siku chache.

Kumbe pampu ya bwawa iko chini ya dirisha lake! Inanguruma kutwa. Nimeizima, mama alale. Mkwe mwema mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Maji ya kijani. Kuta zinateleza, ngazi za kushukia hazionekani. Nimempigia fundi aliyekuwa akilihudumia bwawa kabla yetu. Akauliza habari za pampu. Nikamwambia nimeizima tangu Jumanne. Akaguna. Akanieleza kwa upole: maji yasipozunguka hayachujwi, dawa ya maji haisambai, na kwa joto hili mwani unajiotea tu. Niwashe pampu nisiizime tena, nisugue kuta zote kwa brashi, nioshe chujio, dawa niweke jioni maana jua linaila. Nirudie hivyo hivyo mpaka maji yatakate.

Ikabidi nikaungame kwa mama. Nilidhani atanichana. Akasema tu kwamba ile ngurumo ilikuwa inambembeleza, tangu izimwe hajapata usingizi. Jamani! Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 8 Machi
Mume wangu kasafiri kikazi. Nikaanza kusugua peke yangu, brashi ina mpini mrefu kuliko akili yangu, nami nimesimama mbali na ukingo, nazuga tu. Mama akatoka. Akaomba kiti. Akaomba brashi.

Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, akikoroga masufuria ya kuingia mtu mzima. Hadithi hizo nilikuwa nazisikia tu. Leo nimeona! Mikono ile! Anaisukuma brashi mpaka chini, anaivuta taratibu, mwani unapanda kama moshi. Akimaliza kipande ananiambia nisogeze kiti. Nimehema kwa kusogeza kiti, mimi niliye mzima wa miguu, na yeye hata jasho hafuti. Hivi huyu ndiye niliyekuwa namwogopa? Nilikuwa namwogopa kidogo mno. Jioni nimeweka dawa, naye kanisimamia nivae glavu kwanza.

Jumatatu, 10 Machi
Kijani kimeisha, sasa ni weupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Chujio nimeliosha mpaka basi. Mama kasugua upande wa pili, na leo kasimama! Kona ilikuwa mbali, akashika mgongo wa kiti, akainuka, akaifikia. Nikajifanya sijaona. Angejua nimeona, angekaa.

Mume wangu kapiga simu kuuliza mama yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini.

Alhamisi, 13 Machi
Maji yametakata! Vigae vya chini naviona kimoja kimoja. Fundi kaja, kapima, kasema ruksa. Mume wangu karudi, kaptula tayari, anamwambia mama waende amshike. Mama kamkatalia. Anamtaka mkwe wake. Akamtuma mwanawe ndani akatafute taulo.

Tulipobaki wawili akanishika mkono.

"Hujui kuogelea," akasema. "Nilikuona siku ile, unasugua na ukingo uko kule. Mimi pia sijui, na naogopa. Mwanangu hajui kuogopa maji, atanivuta. Wewe utaniendea polepole."

Nililia. Acha niandike hivyo hivyo, nililia.

Tukashuka, yeye na gauni lake la zamani, mimi na nguo zangu za jikoni, mkono wake mmoja kwenye chuma cha ngazi, mwingine kwangu. Ngazi ya kwanza. Ya pili – baridi hiyo! Anaitafuta ngazi kwa kidole cha mguu, nami nimebana pumzi. Akanikaripia nisibane pumzi. Ya tatu, maji kiunoni. Mume wangu kutoka na taulo, kaganda hapo hapo, mdomo wazi.

Imebaki ngazi moja, halafu sakafu yenyewe ya kutembelea. Mama akasema kwa leo inatosha, tukapanda. Sasa yuko chumbani anajikausha, hataki msaada. Ameniambia kesho tena, na kwamba ile ya mwisho nitatangulia mimi.

Nimemjibu ndiyo, mama. Nimejibu ndiyo!