Wa Kuitwa Mwandani

4 Machi

Baba yangu,
Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kifua kimetulia. Mimi mzima, ila mikono inanuka sabuni ya kazi yangu ya udobi hospitalini hata nikila.

Nina swali. Mpiga pasi wetu anataka kuleta posa, nami nimpe jibu kabla ya mwezi kwisha. Haniiti mpenzi, ananiita mwandani. Neno hilo nililisikia kwako tu, ukimwita mama. Maana yake hasa ni nini? Nisije nikaingia kichwa kichwa.
Binti yako

11 Machi

Binti yangu,
Marahaba. Kifua siku hizi kinakohoa kwa adabu.

Rafiki ninao tele, hata muuza mkaa anayenipunja ni rafiki. Mwandani ni mmoja. Unaukumbuka msumeno wetu wa watu wawili wa kupasulia mbao? Kila mtu anavuta upande wake tu. Ukisukuma, unamuumiza mwenzako mabega. Mama yako hajawahi kunisukumia. Basi mtazame huyo akiwa kazini. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni.
Baba

18 Machi

Baba, shikamoo. Poleni na kazi.

Nimemtazama. Shuka tunazikunja wawili: mnashika pembe, mnakung'uta, mnakutana katikati. Yeye hasogei. Mimi ndiye ninayemwendea, shuka baada ya shuka, na sikuwa nimeliona. Nimelia, maana nampenda. Ijumaa ijayo nitamwambia hapana.
Binti yako

21 Machi

Mwanangu, hujambo? Sisi wazima. Barua yako nimeifungua mimi.

Baba yako kasema sikumsukumia. Mbona hakusema yeye alinisukumia? Msimu mzima mabega yaliwaka moto, nami kimya, nikidhani ndivyo kazi ilivyo. Siku moja nikauachia mpini: "Bwana wee, vuta, usisukume." Akashangaa. Alidhani ananisaidia. Kuniita mwandani alianza baada ya hapo.

Huyo wako umeshamwambia?
Mama

28 Machi

Mama, shikamoo. Mwambie na baba.

Hapana sikuisema; Alhamisi, shuka ikiwa mikononi, nilimwuliza mbona hasogei. Akaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. "Nilidhani unapenda kuja," akasema. Nikamjibu napenda, lakini si kila mara. Shuka iliyofuata alikuja mbio, akapitiliza katikati, tukagongana vichwa na shuka ikaanguka. Tumeifua upya.

Tayarisheni viti. Wageni watafika mwezi ujao.
Binti yenu