Maksai wa Baba na Bonasi Yako

Matongo, Tarime

Mjukuu wangu Chacha,

Marahaba. Hapa nyumbani tu wazima. Mama yako anavuna mahindi, na goti langu bado linanisumbua.

Umeniandikia kwamba mshahara wa rubani wa mwaka wa kwanza ni mdogo, na bonasi nayo imekatwa kodi. Unaniuliza kama mwakani ukubali kupewa mkononi, kimyakimya, isikatwe.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, mwenye mgodi alikofanya kazi baba yangu alimpa maksai juu ya mshahara wake. Ili asilipie kodi ya mifugo, baba akamficha kwa shemeji yake, upande wa Kenya, kisha akaapa kwenye baraza la chifu kwamba hana maksai.

Baadaye shemeji akasema maksai ni wake. Baba angeshtaki wapi, na alikwisha kuapa?

Siku moja tulivuka mpaka, tukamkuta maksai yule akilima shamba la shemeji. Baba akamwita kwa jina. Maksai akasimama, akageuza kichwa, akatutazama. Fimbo ikampata, akaendelea kuvuta jembe.

Waache wakate, Chacha. Kitakachobaki utakiita chako mbele ya mtu yeyote.

Bibi yako,
Bhoke