Kikuku cha Mama Nyuma ya Jiko

Yaya Ilunga, kaka yangu,

Nimechoka. Nimekaa mlangoni kwenye kiti chako cha mbao, na bega la kulia linauma mpaka sufuria siwezi kuiinua. Mashini yako ya kutafutia chuma ardhini ni nzito, Yaya. Ulikuwa unaibeba kama mtu anayebeba mwamvuli, kumbe ulikuwa unatudanganya.

Tangu tukuzike, nyumba imepungua watu. Mke wako amepeleka watoto kwao Mulongo, kwa muda, anasema. Mama anakula kidogo. Siku ya mazishi hakulia sana, lakini sasa analia akichambua majani ya sombe, analia akifagia, na ukimwuliza anasema ni moshi. Na kila asubuhi ananiuliza lile swali alilokuwa anakuuliza wewe: "Umepata fasi?"

Fasi, yaani mahali alipolala mtoto wake wa kwanza. Naandika kama vile hujui, unisamehe, mtu aliyechoka husema yote. Yule aliyekutangulia, aliyekufa kabla ya kupewa jina, akazikwa nyuma ya jiko la nyumba yetu kule matongoni, kwenye kijiji cha zamani ambacho watu walikiacha walipohamia barabarani. Mama alimfunga kitambaa, akamvalisha kikuku chake cha shaba. Hakuna msalaba pale, hakuna jiwe, na nyumba yenyewe imekuwa majani. Wewe ulimwahidi utampata kwa sababu ya kile kikuku. Kila Jumapili ukitoka misa ulikuwa unafunga mashini kwenye kinga, ile baiskeli yako, na kwenda, na kila Jumapili ulirudi na misumari.

Yaya, wafyatua matofali wamefika matongoni. Wanabomoa vichuguu kimoja kimoja, udongo wake ni mzuri kwa matofali. Mama alisikia habari hizo sokoni, akarudi na kikapu kitupu. Hakuwa anataka kikuku, wala mifupa. Aliniambia anaogopa mtoto wake ataingia kwenye tanuru pamoja na udongo. Basi nikachukua mashini.

Nilianza na ile diski kubwa inayofungwa chini ya mashini, pana kama ungo, maana hiyo ndiyo uliyoipenda. Nilikumbuka ulivyonifundisha pale uani, ukaficha kijiko changu ardhini halafu ukanicheka nilipokosa. Ulisema diski zako zote mbili ni za frekansi ya chini, hazipigi kelele kwa kila punje ya chuma iliyo ndani ya udongo wetu mwekundu, na shaba nene zinaisikia vizuri. Ulisema kubwa inafika chini, ndogo ni ya kutafutia vifungo vya mashati. Mimi nani nikubishie?

Lakini matongo si uwanja mtupu, unajua mwenyewe. Watu waliishi pale. Misumari, vifuniko vya sufuria, jembe lililovunjika, bati. Diski kubwa inavikusanya vyote pamoja, na ndani ya kaske ya masikioni nasikia mlio mmoja wa kukwaruza usio na mwanzo wala mwisho. Na kaske yenyewe bado ina harufu ya jasho lako. Kuna wakati nilikaa chini kwenye majani nikaacha tu ilie masikioni. Nilikukasirikia. Nilisema kwa sauti, umekwenda umeniachia kazi hii, na mimi mikono yangu ni ya kushona nguo.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Mama kaburi liko chini sana, mashini haifiki. Mama akasema: "Nani alikuambia iko chini? Haiko banaume njo banazikaka mutoto wa vile. Ni siye banamuke, na jembe ya shamba, mbio mbio."

Akanionyesha kwa mkono kina cha shimo: chini ya goti lake kidogo tu. Wanawake ndio waliomzika; wanaume hawakuitwa, hawakuchimba, hawakuulizwa. Na wewe ulikuwa unamtafuta kwa kina cha makaburi unayoyajua, yale ya wanaume wenye masepeto. Hukumwuliza, na yeye asingemwambia mtoto wa kiume habari hizo; mimi binti yake ameniambia. Hapo ndipo hasira yangu yote iliisha, Yaya. Ulikuwa unatafuta vizuri, ila chini mno.

Nikafunga diski ndogo. Inachosha zaidi, maana inaona eneo la kiganja tu, unakwenda polepole kama mtu anayepaka ukuta rangi. Lakini inatenganisha milio. Msumari unakwaruza, ukigeuka upande unanyamaza. Mlio wa kifuniko unakatikakatika. Nikaanza kwenye mafiga meusi ya jiko, nikaelekea kichuguu kilicho nyuma yake, na karibu na pale wafyatuaji walipokuwa wameshakata udongo nikasikia mlio mmoja, mzito, wa duara. Nikageuka upande wa pili. Ule ule: shaba.

Sikuchimba. Nilikwenda kwa mkubwa wao, mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, nikamweleza. Akavua kofia yake, akawaambia vijana wahamishe shimo upande wa njia.

Kesho yake nikamleta Mama kwa pikipiki. Nilitaka nichimbe kidogo tu ili niwe na hakika, akanishika mkono. Akaomba kaske. Ungemwona, Yaya, na kitambaa chake cha kichwa na kaske yako juu yake. Nikapitisha diski. Akaomba tena. Nikapitisha tena, na tena, bega likiwaka moto, naye amefumba macho anasikiliza tu. Sijui alisikia nini mimi nisichosikia. Mwishowe akaivua, akanirudishia, akaweka kiganja chake juu ya udongo.

"Sasa," akasema, "minajua fasi yabo bote babili." Yake na yako, Yaya.

Usiku ule Mama alilala hadi asubuhi.

Lala na wewe, Yaya. Nitakuja kufyeka majani juu yako kabla ya mvua, halafu nitakwenda matongoni kufyeka kule kwa mkubwa wetu asiye na jina. Siku Mama atakaposhindwa kutembea, nitakwenda peke yangu, kwako na kwake.

Mdogo wako,
Ngoie