Kiti Kimefika, Magurudumu Yako Melini

Jumatatu, 3 Machi 2025

Yesaya, mdogo wake mume wangu Ezron, kapiga simu kutoka China. Kiti cha magurudumu cha Ezron kimepatikana! Ila nauli ya ndege imemtoa jasho. Mzani unasema kilo 18, lakini wanapima na boksi: sentimita 90 kwa 40 kwa 90, gawanya kwa elfu sita — kilo 54. Wanatoza ile kubwa. Yaani tunalipia hewa! Kwa meli nafuu, ila miezi miwili. Nikamwambia, shemeji, kaka yako hajaona jua tangu kifusi cha machimbo ya Mkwajuni kimvunje mgongo. Tuma kwa ndege. Hela ya mahindi niliyokutumia si unayo?

Jumatano, 5 Machi

Kasema boksi kalipunguza. Sasa kilo 28! Nimemshukuru mpaka nikapiga magoti jikoni. Mjinga mimi, kana kwamba ananiona!

Jumanne, 18 Machi

Boksi limeshuka na basi la Dar. Nimefunga kibanda changu cha mitumba, nikalipakia kwenye bajaji mpaka nyumbani. Ezron kanyoa ndevu, kavaa shati la kanisani. Tukafungua. Kiti kipo, mto upo — magurudumu hamna! Nimepekua kila kona. Kumejaa kava za simu. Za biashara yake!

Nikampigia.

"Shemeji, tulia. Magurudumu ndiyo yaliyofanya boksi liwe kubwa. Nimeyaweka kwenye kontena, yanakuja na meli."

"Na kava?"

"Zimeziba tu nafasi iliyobaki. Hazikuongeza gharama."

Hazikuongeza gharama! Nimemtukana kwa Kinyiha, kwa Kiswahili, mpaka Kibemba cha sokoni. Ezron kavua shati, kageukia ukutani.

Ijumaa, 21 Machi

Yesaya karudi kutoka China. Naandika huku anabisha mlango. Nimemchungulia dirishani — viatu vinang'aa, marashi yananukia mpaka huku ndani. Kafuata kava zake! Hajauliza hata hali ya kaka yake. Nimetia komeo. Shemeji, shemeji, anaita. Aite mpaka koo limkauke!

Sasa Ezron kaita kutoka kitandani. Sauti ile ya zamani, ya kuamrisha watu machimboni:

"Mama Brayan, mfungulie. Nataka kwenda choo. Leo anibebe yeye."

Kubisha kumekoma. Sijasikia hatua zikiondoka, wala zikisogea. Nanyanyuka kutoa komeo —