Dizeli ya Mapipa kwenye Gari la Hajj Farah

Lodwar, Turkana

Kaka yangu Athumani,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na Mama na wote walioko hapo nyumbani Malindi. Natumai goti la Mama limetulia na mvua mliyoingoja imewafikia, maana huku kwetu wingu likipita watu hutoka nje kulitazama, kisha hurudi ndani. Mimi ni mzima. Joto limenikausha midomo, lakini ni mzima.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kusema unanikatiza, nikimaliza unadai mtandao ulikuwa mbaya. Mama ameniambia unataka kuuza pikapu ya marehemu Baba ununue gari la kifahari la injini ya dizeli, ubebe watalii. Tena ukiulizwa unajibu, "Saumu analiendesha hilohilo huko Turkana, muulizeni yeye." Haya, nimeulizwa. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita mnunuzi.

Tajiri wangu unamjua kwa habari, Hajj Farah, mwenye magari ya kukodisha hapa Lodwar. Ni mzee wa Kisomali, mcha Mungu na mkarimu, na akishaamua jambo ni kama ngamia aliyelala njiani. Mwaka jana alileta gari kubwa jeusi, viti vya ngozi, vioo vya giza, injini ya dizeli. Hoja zake hazikuwa mbaya. Vituo vya mafuta njia zetu ni vichache, dizeli inakwenda mbali, na injini yake ina nguvu ya kuvuta. Hilo nimelishuhudia. Kuna siku nilizama na wageni kwenye mto mkavu njia ya Nakalale, mchanga mtupu. Nikapunguza upepo wa matairi, nikakanyaga taratibu, gari likatoka kama mtu anayeinuka mkekani. Kwa hiyo usije ukasema dada yako anaichukia dizeli.

Wanaonichosha ni watu. Mgeni wa Nairobi anapanda, anasikiliza, ananiuliza, "Mbona linakoroma kama lori la unga?" Nikimfikishia Hajj, ananiambia niongeze sauti ya redio. Tena magari haya mapya yana kichujio cha masizi kwenye ekzosi, nacho hujisafisha gari likikimbia mbali na kupata moto wa kutosha. Mimi kutwa ni uwanja wa ndege na hotelini, hotelini na uwanja wa ndege. Kichujio kinaziba, taa ya njano inawaka. Nikimwomba Hajj nilikimbize mpaka Lokichar na kurudi ili lijisafishe, ananitazama juu ya miwani. "Saumu, Lokichar unakwenda kumsalimu nani?"

Sasa sikiliza yaliyonikuta wiki iliyopita.

Hajj ana mteja wake mkubwa, anaitwa Ekai, mkandarasi wa kuchimba visima. Mama yake, Bi Napeyok, anakaa Kakuma, na mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Hospitali ya hapa Lodwar walikuwa wamekuja madaktari wa macho kutoka mbali, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kwao. Wakiondoka, hakuna ajuaye watarudi lini. Mimi nilisema pikapu kuukuu ya Hajj inatosha, haijawahi kulala njiani. Ekai hakutaka kusikia. "Mama yangu apelekwe kwa daktari na pikapu? Watu watasema nini?" Hajj akasema mteja ameomba jeusi, apewe jeusi. Pikapu ikatumwa Kerio kubeba samaki.

Tukatoka alfajiri, mimi na Ekai. Wageni waliolikodi gari jana yake walikuwa wameliacha na mafuta kidogo, na kituo tunachokiamini hapa kilikuwa bado kimefungwa. Yaliyokuwamo yalitufikisha Kakuma. Tukampakia Bi Napeyok na mjukuu wake Akiru, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mtulivu. Tukaenda kituoni, tukakuta foleni ndefu, lori la mafuta ndiyo kwanza linashusha. Ekai akawa anatazama saa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Mkongomani anayeuza dizeli kwenye mapipa.

"Twende pale," Ekai akasema.

"Pale hapana. Gari hili halitaki mafuta ya pipa."

"Dereva, unaona hii foleni? Daktari atangoja?"

Nikasogeza gari kwa shingo upande. Yule Mkongomani akalizunguka, akagusa bodi kwa kidole kimoja.

"Mama, kwa lori iko muzuri sana," akaniambia. "Kwa hii ya kwako, miye sijuwe."

Nikamgeukia Ekai. "Umemsikia mwenye mali."

"Dizeli ni dizeli. Weka."

Nikampigia Hajj. Akanisikiliza, akashusha pumzi. "Mteja ana haraka, Saumu. Usibishane na mteja."

Athumani, niambie wewe ungefanya nini. Mwenye gari anasema weka, mwenye safari anasema weka. Muuza mafuta peke yake ndiye alikuwa upande wangu. Nikaweka, na kutoka hapo sikumsemesha mtu, nikawa nanung'unika na usukani.

Tulipopita katikati ya safari taa ikawaka, kisha ya pili. Gari likaishiwa nguvu, likatambaa, likazimika. Nikafungua bomba la chini ya kichujio cha mafuta. Yakatoka maji kwanza, dizeli baadaye. Nikajaribu kuliwasha, likakataa kabisa. Mbele jiwe, nyuma jiwe, na jua limeshapanda. Gari la kifahari likizimika, kaka, ni tanuri lenye viti vya ngozi.

"Ejok, dereva," Bi Napeyok akanisalimu kwa Kiturkana kutoka kiti cha nyuma.

"Ejok, mama."

"Gari imekataa?"

"Imekataa, mama."

"Basi fungua mlango, nisikie upepo."

Tukamketisha kwenye kivuli cha gari. Ekai akawa anakwenda na kurudi na simu yake, suti imemganda mgongoni. Nikampigia Hajj, akasema pikapu bado iko Kerio na gari jingine hana. Ekai akageuza hasira. "Huko ng'ambo wenyewe wanaziacha hizi dizeli, wanahamia za umeme. Hajj ametudanganya."

"Asubuhi dizeli ilikuwa dizeli," nikamjibu.

Akarudi kwenye simu yake.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa Bashir, dereva wa lori kutoka Kakuma, anarudi tupu baada ya kushusha mahindi. Akachungulia injini, Ekai akamrudia maneno yaleyale ya ng'ambo. Bashir akacheka. "Wakiziacha huko, wanatuletea sisi. Sisi ndio tutazizika." Kisha akasema kwenye kichwa cha lori ana nafasi ya watu wawili, awachukue mgonjwa na mjukuu wake.

Ekai akasita. "Mama apande lori? Afike hospitali kwa lori?"

Bi Napeyok akasema maneno kwa Kiturkana, bila kupandisha sauti. Ekai akainamisha kichwa. Nikamwuliza Akiru amesema nini.

"Anasema mwenye kuona aibu ni yule mwenye macho. Yeye hilo gari lenu haoni. Anataka kufika."

Tukamwinua watatu, Bashir akampokea juu. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Lori likaondoka kwa mngurumo na moshi mweusi, nami nikalitazama kwa wivu.

Tukabaki mimi na Ekai. Alikaa mchangani na viatu vyake vya kung'aa, nikampa maji yangu. Akanywa, kisha akaniuliza, si kwa sauti yake ya kikandarasi, "Akiwakosa madaktari leo, nitamwambia nini?" Nilikuwa na majibu mengi, nimeyapanga tangu Kakuma. Sikutoa hata moja. Nilimwambia Bashir haendeshi polepole.

Jua lilikuwa limeinama Akiru alipopiga simu. Walifika wakawakuta madaktari wameanza kufunga vyombo. Mmoja wao alimtazama yule bibi aliyeshuka kwenye lori, akavifungua tena. Ekai alijifuta uso kwa tai yake, akaniambia ni vumbi.

Gari lilivutwa mpaka uwanjani kwetu na limefunikwa turubai. Nozeli za kunyunyizia mafuta kwenye injini zimekufa, zinangojewa za Nairobi, na mbuzi wa jirani wamepata kivuli. Nilidhani Hajj atakuwa amejifunza. Jana ameniita, ameshika simu, ananionyesha picha. "Saumu, hili ni jipya zaidi. Dizeli, lakini halisikiki kabisa." Nikammwagia yale majibu niliyoyaweka akiba tangu Kakuma, nikatoka nje nikanywe maji.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, kaka. Injini haina kosa. Mtu wa safari ndefu, mwenye kituo anachokiamini, dizeli itamfaa hata ndani ya gari la kifalme. Wewe utabeba watalii kutoka hoteli mpaka uwanja wa ndege wa Malindi, safari ambayo injini haipati hata joto. Kichujio kitaziba, na dawa yake, mbio za safari ndefu, wewe hutakuwa nayo. Na ukiwa na haraka utanunua mafuta popote, nakujua. Pikapu ya Baba inabeba nazi, samaki na wagonjwa, wala haiulizi imekunywa nini. Usiiuze. Ukiiuza usinipigie simu.

Juzi jioni nilikwenda kumjulia hali Bi Napeyok, amepumzika kwa binamu yake mtaa wa Nawoitorong. Bandeji zimetolewa. Nikamwamkia mlangoni, akaitambua sauti yangu, akaniita karibu. Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanitazama kwa kituo, macho yanamtoka machozi kwa mwanga.

"Kumbe ni msichana," akamwambia Akiru. "Vile huyu aligombana na watu siku ile, mimi nilijua ni mzee kama mimi."

Wamecheka nyumba nzima, nami nikacheka mpaka nikaketi chini.

Nisalimie Mama, umwambie goti alikande kwa maji ya moto, asibishe. Msalimie shemeji yangu mpishi, nimeikumbuka mikate yake ya sinia, na mjomba wetu fundi seremala, na shangazi wa msikitini asiyechoka kuniombea mume. Mwambie huku wapo, ila wote wanataka gari jeusi.

Nakutakieni afya na subira, mimi dada yako anayegomba kwa sababu anakupenda,

Saumu