Koo la Gari Lako Jekundu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na nyumba yako, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimekuachia. Sisi huku tunaendelea. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula au unabahatisha tu. Mimi kazini nipo, mgongo unauma kwa kuinama kutwa nzima, lakini hayo si ya kukuandikia. Baba angekusalimu pia, ila hajui kama nakuandikia. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini na kalamu, kwa sababu kwenye simu hazisemeki. Nyumba hii unaijua. Ukipiga tu, Baba anakuja kusimama karibu, na mtu unajikuta unasema hatujambo, hatujambo, mpaka simu inakatika.

Nianze na gari lako. Lipo salama chini ya banda la mabati, limefunikwa turubai, na Mama bado analiita mke mwenza. Anasema mke mwenza mwenyewe hapiki, hafui, na bado mume akiamka anaanzia kwake. Ulipopiga simu kumwomba Baba alipanue na kuling'arisha koo la injini kabla hujaja likizo, ili livute hewa vizuri uweze kuliingiza kwenye yale mashindano yenu, Mama alidhani ni kazi ya mara moja, itakwisha. Mimi nilimwona Baba alivyokata simu na kuyarudisha mabega nyuma. Tangu astaafu ufundi wa magari hakuna aliyemwomba kitu zaidi ya kubadilisha balbu. Sasa ameombwa na mwanawe, tena ile kazi aliyokuwa akiifungia karakana na kufukuza watu ili asisumbuliwe.

Koo alilifungua siku hiyohiyo. Hilo koo ni kipande cha alumini, kama kikombe kisicho na kitako, na ndani kina kile kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta na kujifunga ukiachia. Alisema bandani kuna vumbi, akahamia meza ya jikoni. Msasa aliuviringisha kwenye kipande cha mpini wa ufagio, akawa anauchovya kwenye mafuta ya taa ili usizibe, anasugua taratibu, anafuta, anasugua tena. Jiko lote likanuka mafuta ya taa. Chai ikanuka, mkate ukanuka. Mama akawa anafunika hata maji, na akatuonya kwamba siku tukikaa mezani tukaanza kunguruma kama injini tusimtafute mchawi.

Sheria yake unaikumbuka, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiimbishwa. Ukingo wa mbele ulainishe utakavyo, kuta zing'arishe mpaka ujione, lakini ule ukanda mwembamba ambapo kisahani hujifunga usiuguse. Ukiugusa, hewa itapita hata mguu haupo kwenye mafuta, injini haitatulia tena, na koo hilo ni la kutupa. Ndiyo maana alikuwa anafumba macho, anaingiza kidole kidogo na kukizungusha ndani polepole. Alikuwa anasema macho yanadanganywa na mng'ao, kidole hakidanganywi. Mimi haya nayajua kwa kuyasikia tu. Wewe ulikuwa unafundishwa, mimi nilikuwa namulika tochi, na tochi ikiyumba nilikuwa nafokewa.

Kaka, tulianza kuona mambo ambayo tulijifanya hatuyaoni. Kuna asubuhi aliliinua birika la moto kwa kulikumbatia ubavuni kwa viganja. Mama alipiga kelele, yeye hakushtuka, akajibu kwamba fundi ana ngozi ya kifaru. Jioni ngozi hiyo ilikuwa na malengelenge. Siku nyingine alikuwa anaitafuta skurubu ndogo ya kisahani, ameinamia meza, anapapasa huku na huku, na skurubu yenyewe ameibana kwenye vidole vyake. Nilimwambia ipo mkononi. Alicheka, akasema alikuwa ananipima macho. Nami nikacheka.

Halafu siku moja nikarudi kutoka kazini nikamkuta amesimama dirishani na lile koo. Alinipa nilitazame. Nilikifunga kisahani nikaliinua kwenye mwanga, na upande mmoja mwanga ukapita, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Alikuwa ameusugua ule ukanda. Baba huyuhuyu, aliyewahi kumfukuza kazi mtu kwa kosa hilohilo. Alisema misasa ya siku hizi ni mibovu, akatoka, akaenda kukaa ndani ya gari lako, akafunga mlango. Mama alikwenda kumwita chakula kikiwa kimeshapoa, akarudi peke yake akaniambia nimwache.

Niliomba ruhusa kazini nikampeleka hospitali. Daktari alimwambia afumbe macho, akawa anamgusa vidole kwa kitu kama uzi mgumu, na kila akisikia kaguswa aseme. Baba alinyamaza. Nilikuwa nimekaa pale naona uzi unagusa kidole hiki, unagusa kile, na yeye amefumba macho anasubiri kwa adabu. Nilitamani nimjibie. Kumbe ni kisukari. Miguu ilishakufa ganzi zamani, akakaa kimya, na sasa ni zamu ya mikono. Daktari alisema kinachowezekana ni kuzuia ganzi isizidi na kuilinda miguu isipate vidonda, ila hisia zilizopotea hazitarudi. Njiani Baba alinikataza kabisa nisikwambie. Alisema mtu aliye mbali hapaswi kutwishwa mzigo asioweza kuushika. Nilimjibu sawa, Baba, na ndiyo hiyo sawa ninayoivunja leo.

Nilidhani kazi yako imeishia hapo. Lakini yeye alikwenda kwa muuza vipuri chakavu akarudi na koo jingine kama lile. Aliliweka mezani mbele yangu, si mbele yake, akaniambia nikae. Alisema yeye atakuwa mdomo na mimi nitakuwa kidole.

Tukawa tunakaa kila Jumapili. Ananiuliza nasikia nini, namwambia kuna ukwaru. Anauliza ukwaru wa namna gani, wa mchanga au wa meno ya kitana, na unaelekea wapi. Halafu anasubiri. Kaka, Baba anasubiri! Hakunifokea hata mara moja. Siku zote alikuwa akinitania kwamba mimi ni fundi wa meno ya watu waliokataa mswaki, kwa kuwa natengeneza meno bandia. Lakini nilipokuja na mashine yangu ndogo ya kung'arishia na ile dawa nyeupe tunayopakia meno, aliinusa, akaniuliza inaitwaje na tunaipaka kwa kitambaa gani, kama mwanafunzi. Tulipofika karibu na ule ukanda nilisimamisha mkono kabla hajaniambia. Aliona nimesimama. Akanisogezea chai.

Tulipomaliza alitaka kulikagua. Alifumba macho, akaingiza kidole kwa mazoea, kisha akakumbuka, akakitoa. Akaliinua mpaka mdomoni, akaugusisha mdomo wa chini kwenye ukingo wa ndani, akaanza kulizungusha taratibu. Midomo yake bado inasikia. Mama aligeukia vyombo akawa anaosha vilivyokwisha kuoshwa. Baba alizunguka mzunguko wote, akalishusha, akasema safi. Tukalifunga, tukawasha gari. Liliunguruma, kisha likatulia tuli, mpaka Mama akauliza kama limezimika. Baba alisikiliza ameegemea nguzo ya banda, machozi yakimlengalenga.

Jioni yake ndipo ulipopiga, na ukamsikia mwenyewe akikwambia kwamba amekutengenezea kwa mikono yake. Alikuwa ameniomba kabla. Hakuniamuru, Kaka, aliniomba, akiwa anatazama chini. Ukaniuliza mimi, nikakujibu kwamba Baba ameweza sana. Alinishika bega, na sijui kama alilisikia.

Kwamba kazi ile ni yangu, hilo umeshaelewa. Lililonikaa kooni ni jingine, na sijamwambia mtu. Ni kwamba nilifurahi. Baba anapoteza vidole vyake, Mama analia akidhani hatumsikii, na mimi kazini nahesabu Jumapili ifike. Nilikuwa narudi nyumbani mbio. Siku tuliyomaliza nilijifungia chooni nikalia kwa kwikwi, na Mama akanibembeleza mlangoni akidhani namlilia Baba. Nilikuwa nalia kwa sababu kazi imekwisha na sina tena sababu ya kukaa naye meza moja akiniuliza nasikia nini. Mungu akiniambia leo atamrudishia vidole vyake, na mimi nirudi kumulika tochi, nitakubali, naapa nitakubali. Lakini nitachelewa kidogo kujibu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba nitachelewa.

Sasa nakuomba. Usingoje likizo kama unaweza kupata ruhusa kabla, njoo, maana kidole cha mguu wa kushoto kina kidonda na hataki tukitazame. Ukija, washa gari mbele yake, nyamaza usikilize, halafu uisifu mikono yake. Sifa zako zisinielekee mimi, hata jicho usinitupie. Mwache akusimulie kila hatua, anazijua zote kwa sababu yeye ndiye aliyezisema, na akikosea usimsahihishe. Wageni wakija mwache awasimulie na wao.

Na baada ya hapo, Kaka, tafuta upenyo tuwe mimi na wewe tu. Uniambie ile kazi umeionaje. Kama ina kasoro niambie kasoro yake iko wapi. Neno moja linanitosha.

Mama anasema umletee miwani ya kusomea, ya zamani ameikalia. Msalimie sana wifi na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Barua hii ukishaisoma ichane, usije nayo nyumbani hata kwa bahati mbaya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.