Sauti ya karata mbovu

Lupepo, Jumatano usiku

Na mume wangu Ambokile anakoroma, kama vile hakuna kitu! Ni yeye aliyemfundisha baba yake poka, mchezo wa karata, aliporudi kutoka Dar. Anasema ilianzia Marekani, kwenye meli za mtoni, na utamu wake hauishi kwa sababu hata mwenye karata mbovu anaweza kushinda, mradi uso wake usimuumbue.

Mimi uso wa baba mkwe siujui. Kwa mila yetu simtazami. Wao wanacheza barazani wakiwekeana punje za maharage, mimi niko jikoni nasikiliza. Sauti yake ndiyo naijua. Akishika karata nzuri, hunung'unika. Akiwa hana kitu, husema taratibu, kwa upole, "Ongeza tu, mwanangu."

Leo baba mkwe amerudi kutoka hospitali na majibu ya vipimo.

"Wamesemaje, baba?" Ambokile akamuuliza.

"Vidonda vya tumbo tu, mwanangu." Taratibu, kwa upole.

Ambokile alimtazama usoni, akaridhika, akachanganya karata. Mimi jikoni niliacha kusonga hadi ugali ukaungua.

Kesho lazima nimwambie Ambokile. Lakini nitaanzaje? Kwamba nimemsoma baba yake, mimi nisiyeruhusiwa hata kumtazama?